Dizeli Ina Plagi au Haina? Maneno ya Gereji na Istilahi za Injini

Miongoni mwa barua zilizotufikia kutoka Mkoa wa Singida ilikuwamo moja fupi, iliyoandikwa na mtunza bohari wa ofisi moja ya umma. Aliuliza: "Dizeli ina plagi au haina?" Kisha akaeleza kisa chenyewe. Dereva wa pikapu ya ofisi alikuwa ameandika katika fomu ya matengenezo kwamba gari linataka plagi 4, kwani asubuhi haliwaki. Mtunza bohari aliagiza plagi 4, zikanunuliwa na kuletwa. Fundi alipozitazama akacheka: zilikuwa plagi za injini ya petroli. Fedha zilikuwa zimekwisha kulipwa, na mwenye duka hakukubali kuzipokea tena. Mkaguzi wa hesabu alipouliza ni nani aliyekosea, kila mmoja alionyesha fomu ile ile na neno lile lile.

Makala haya yanakusudia kumjibu mwandishi wa barua hiyo, na papo hapo kuwaeleza wafasiri na walimu kwa nini swali lake ni zito kuliko linavyoonekana.

Katika injini ya petroli, mchanganyiko wa hewa na mafuta huwashwa kwa cheche, na kifaa kitoacho cheche hiyo ndicho plagi tuijuayo sote. Injini ya dizeli haina cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilijaribiwa mjini Augsburg mwaka 1897, alitumia njia nyingine: hewa peke yake hushindiliwa ndani ya silinda mpaka ujazo wake upungue mara 16, mara 20 na hata zaidi. Hewa iliyobanwa kiasi hicho hupata joto kali, na mafuta yanyunyizwapo ndani yake huwaka yenyewe. Hivyo mtu anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba dizeli haina plagi.

Hata hivyo dereva naye hakusema uongo. Injini ikiwa baridi, kuta za silinda hunyonya joto la hewa iliyoshindiliwa, na mafuta hayawaki. Kwa ajili hiyo pikapu nyingi za dizeli hutiwa katika kila silinda kijiti cha chuma ambacho hupashwa kwa umeme wa betri kwa sekunde chache kabla ya kupiga staata. Kijiti hicho hufungwa kwa hesi kama plagi, na kwa mbali hufanana nayo. Waingereza wakakiita plagi, nasi tukapokea. Mafundi wengine hukiita hita. Singida iko juu ya uwanda wa kati, mahali ambapo asubuhi za Juni na Julai ni za baridi, na dereva wa huko hukijua kifaa hiki pengine kuliko mwenziwe wa pwani.

Jibu letu basi ni kwamba ziko plagi za namna mbili: plagi ya cheche na plagi ya joto. Hatukuona sababu ya kulifukuza neno plagi, ambalo limekwisha kuota mizizi. Mfasiri atakayeandika "kiwashio" kwa vifaa vyote viwili atakuwa ametumia neno la Kiswahili kizuri na kuliacha kosa palepale lilipokuwa.

Tukitoka kwenye plagi, yafaa tuingie gerejini tusikilize. Fundi hodari husikiliza na kutazama kabla ya kushika spana, na lugha yake ya dalili ni tajiri kuliko orodha zetu za istilahi zinavyoonyesha. Husema gari linakula oili, limevuta hewa, linanoki, linamisi, linakosa pumzi mlimani. Wasomi wengi huyapita maneno haya wakiyahesabu kuwa ni ya mitaani. Lakini kila moja hutaja hali yake mahsusi. Gari "lililovuta hewa" ni lile ambalo hewa imeingia katika njia ya mafuta, nalo halitawaka mpaka hewa hiyo itolewe. "Kumisi" ni silinda moja au zaidi kutofanya kazi, injini ikatetemeka. Mfasiri akiyaandika yote mawili kuwa "hitilafu ya injini" amemnyima fundi habari aliyoihitaji.

Kadhalika moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, aghalabu kwa sababu ringi za pistoni au mihuri ya vali imechakaa. Moshi mweupe una maana mbili: ukinuka dizeli na kuwasha macho, ni mafuta yasiyoungua, ukiwa mvuke usiokoma hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, yamkini gasketi ya silinda hedi imepasuka. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa iliyopo.

Hapa Singida ina funzo lake. Mji huo uko kiasi cha meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja katika saba. Pikapu ya zamani ambayo pampu yake haina kifaa cha kufidia mwinuko hupeleka mafuta kwa kiasi kile kile ilichopangiwa pwani, ilhali hewa imepungua. Ipandapo mlima Sekenke kwa njia ya Nzega ikiwa na mzigo wa vitunguu au alizeti, hutoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Fundi asiyelijua jambo hili huweza kubadilisha nozeli zote 4 bila faida. Alijuaye huanza na kichujio cha hewa, kwani vumbi la uwanda huo hukiziba upesi, kisha hupunguza mafuta kwenye pampu kidogo kidogo kwa kufuata kitabu cha gari.

Kazi hiyo ya mwisho huitwa gerejini kutyuni, na neno hili latutia mashakani. Kwa magari ya petroli ya zamani lilikuwa na maana iliyojulikana: kubadilisha plagi, kurekebisha pointi na kusawazisha kabureta. Dizeli haina hata kimoja kati ya hivyo. Kwa fundi mmoja, kutyuni dizeli ni kurudisha vipimo vilivyowekwa na mtengenezaji: nafasi za vali, taimingi ya pampu, kanieneo ya kufungukia nozeli. Kwa fundi mwingine ni kufungua skrubu ya mafuta ili gari lipate nguvu zaidi ya ile liliyoundiwa. Kazi ya kwanza hurefusha maisha ya injini. Ya pili huongeza joto ndani ya silinda, na ikizidishwa huweza kuyeyusha pistoni. Hati ya malipo yenye maneno "kutyuni injini" haimwambii ofisa anayeidhinisha ni ipi kati ya hizo anayoilipia. Kwa hiyo tunapendekeza kuisawazisha injini kwa maana ya kwanza, na kuiongezea nguvu kwa maana ya pili. Mtu akiona ni maneno marefu, na akumbuke bei ya pistoni.

Hayo yote ni hasara ya mali. Lipo jambo moja linalogusa mwili wa mtu, nalo ndilo lililotusukuma hasa kuandika.

Kitabu chochote cha matengenezo ya dizeli za zamani huelekeza namna rahisi ya kuitafuta silinda inayomisi. Injini ikiwa inanguruma taratibu, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza, mafuta yakavuja. Mngurumo ukibadilika, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, hiyo ndiyo mbovu. Hukaza, akaenda kwa ya pili. Njia hii haihitaji mashine yoyote, na kwa pikapu kama Toyota Hilux zenye injini za 2L na 3L, ambazo pampu yake huendeshwa kimitambo tu, ni halali na hufundishwa.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zimeenea dizeli za namna nyingine. Katika hizo pampu haigawi mafuta kwa kila silinda, bali huyasukuma yote katika bomba moja nene, ambalo Waingereza huliita reli ya pamoja, na kompyuta ya gari huamuru kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Mafuta yaliyomo katika reli hiyo huweza kuwa na kanieneo zaidi ya mara 1,000 ya ile ya hewa tunayoivuta. Kulegeza nati hapo injini ikiwa inanguruma ni hatari kubwa. Mchirizi wa mafuta, mwembamba kama uzi, hupenya ngozi ya mkono. Kidonda huonekana kidogo kama cha kuchomwa na mwiba, na mtu huweza kukidharau akaendelea na kazi. Kumbe dizeli imekwisha kusambaa ndani ya nyama. Mtu huyo hupaswa kufikishwa hospitali mara moja, na akichelewa huweza kukatwa kidole au mkono. (Hata kwa dizeli za zamani, mkono hauwekwi kamwe mbele ya nozeli inayonyunyiza.)

Sasa tumfikirie kijana anayejifunza ufundi nyumbani kwa kijitabu kilichofasiriwa, kisemacho: "Katika injini ya dizeli, legeza nati ya bomba la nozeli." Sentensi hiyo ni sanifu kabisa, haina kosa la sarufi wala la msamiati. Lililokosekana ni jina la aina. Kiswahili chetu kilipokea neno dizeli wakati zilipokuwapo dizeli za namna moja, nacho hakijaligawa. Mafundi wameligawa kwa njia yao, kwa kutaja alama za injini zilizoandikwa ubavuni mwa gari, lakini alama hizo ni mali ya makampuni, na hazifai kuwa istilahi. Tunapendekeza dizeli ya pampu kwa ile ya zamani, na dizeli ya reli kwa hii mpya. Wako watakaosema kwamba hii ya pili nayo ina pampu. Ni kweli, na gari moshi nalo halitoi moshi siku hizi. Istilahi hutenganisha vitu viwili, haitoi maelezo kamili ya kila kimoja.

Dizeli ya reli imeleta pia msamiati wa kupima kwa kompyuta. Mashine huunganishwa na tundu lililo chini ya usukani, nayo hutoa alama kama P0087, yaani kanieneo ya mafuta katika reli iko chini mno. Wapo wanaoziita alama hizo kodi. Tunashauri neno hilo liachwe kabisa, maana ofisa wa serikali akisoma "gari limetoa kodi 3" atatafuta risiti. Msimbo, ambalo limekwisha kuzoeleka katika fani ya kompyuta, latosha.

Kazi yenyewe ya kupima tumeiita utambuzi wa hitilafu. Mwenzetu mmoja alipendekeza uaguzi, kwa kuwa fundi naye hutafuta chanzo cha ugonjwa. Pendekezo lilitupendeza kwa utani wake, lakini kuagua ni kazi ya mganga. Msimbo wa P0087 hausemi kitu gani kimeharibika. Huenda ni kichujio cha mafuta kilichoziba, huenda ni pampu, huenda ni mafuta yenyewe. Anayebadilisha pampu kwa kusoma msimbo tu, huyo ndiye anayeagua.

Na kuhusu mafuta, neno kuchakachua halikupitia kamati yoyote. Lilishika kwa nguvu katika biashara ya mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa, likaruka hadi katika siasa za uchaguzi wa mwaka 2010, na leo kila mtu analielewa. Kwa fundi lina maana halisi: mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli, na pampu husagika.

Neno lililotushinda ni sailensi. Mafundi hulitumia kwa mngurumo wa injini gari likiwa limesimama na mguu haupo kwenye mafuta: sailensi iko juu, sailensi inapanda na kushuka, gari linazimika kwenye sailensi. Kwa Kiingereza neno hilo ni kimya, na injini ya dizeli haina ukimya wowote. Isitoshe liko jirani mno na sailensa, bomba la kupunguza kelele za moshi. Tulijaribu "mngurumo wa kusimama". Mafundi walitusikiliza kwa adabu, wakaendelea kusema sailensi. Wafasiri walio na neno bora wanaombwa walilete kabla orodha haijapelekwa kwenye kamati. Mtunza bohari wa Singida tumekwisha kumwandikia: katika fomu ijayo aandike plagi za joto, 4, pamoja na alama ya injini.