Wanaosomea Udaktari wa Meno Nao Hungoja Jino Liume

Mwananchi anayefika katika kitengo cha kinywa na meno cha hospitali ya wilaya huweza kumkuta, pembeni ya tabibu, kijana aliyevaa koti jeupe na kushika daftari. Huyo ni mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo. Haitachukua miaka mingi kabla yeye mwenyewe hajawa mtu wa kuwaagiza wagonjwa wapige mswaki mara 2 kwa siku, wapunguze vitu vitamu na wasisubiri maumivu ndipo waje. Je, yeye mwenyewe huyatenda hayo? Wagonjwa huliuliza swali hilo kimoyomoyo, nao watafiti wamelifuatilia kwa miaka mingi.

Chombo kinachotumika zaidi kulijibu ni dodoso lililobuniwa katika miaka ya 1980 na Makoto Kawamura wa Chuo Kikuu cha Hiroshima, nchini Japani. Dodoso hilo lina kauli 20, na anayejibu hutakiwa kukubali au kukataa tu. Zimo kauli kuhusu fizi kutoka damu wakati wa kupiga mswaki, kuahirisha kwenda kwa daktari hadi jino liume, kutumia mswaki wenye nywele ngumu, na kuamini kwamba meno hayatakati mpaka yasuguliwe kwa nguvu. Limetafsiriwa katika lugha nyingi, na wanafunzi wa udaktari wa meno wa mataifa mbalimbali wamelijaza.

Matokeo yake huwashangaza wanaodhani kwamba mtu huchagua fani hiyo kwa sababu tayari anayatunza meno yake. Kwa kawaida mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana tofauti kubwa na kijana mwingine yeyote wa umri wake. Wapo ambao fizi zao hutoka damu, na wapo ambao hawajawahi kufundishwa na mtaalamu namna ya kushika mswaki. Mabadiliko huonekana zaidi wanafunzi wanapotoka katika masomo ya awali ya sayansi na kuanza kuhudumia wagonjwa. Hapa Tanzania shahada ya udaktari wa meno huchukua miaka 5, ikifuatiwa na mwaka 1 wa mafunzo tarajali, na sehemu kubwa ya kazi ya kliniki huja katika miaka ya mwisho. Yaelekea kuona kwa macho kuna nguvu kuliko kusikia darasani, kwani aliyeshuhudia jino lililooza hadi kwenye mzizi likitolewa kwa shida haliwazii tena jino lake kama zamani.

Majibu ya dodoso, hata hivyo, ni maneno ya mtu kuhusu nafsi yake, na mwanafunzi wa mwaka wa 5 analijua fika jibu linalotarajiwa. Kwa sababu hiyo yafaa kuyasoma kwa tahadhari kidogo.

Ulinganisho wa wanafunzi wa Japani na wa Ufini una funzo la pekee kwa wanaopanga huduma. Kuahirisha kwenda kwa daktari hadi jino liume kulikuwa kwa kawaida zaidi miongoni mwa Wajapani kuliko Wafini, ingawa wote walisomea fani moja. Nchini Ufini watoto na vijana walio chini ya miaka 18 hutibiwa meno bila malipo katika huduma za umma na huitwa kupimwa mara kwa mara. Mwanafunzi wa huko huingia chuoni akiwa amekwisha kuzoea kiti cha daktari. Tabia yake ilijengwa na zahanati na shule kabla chuo hakijamfikia.

Mazoea ya kungoja maumivu ndiyo yanayowagharimu wakazi wa kata zetu. Katika hospitali nyingi za wilaya nchini, huduma inayotolewa zaidi kwa meno yaliyooza ni kung'oa, kwa kuwa wagonjwa wengi hufika tundu likiwa limekwisha kuvifikia mishipa na damu ya jino. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa tindikali, nayo huyeyusha gamba gumu la jino polepole. Mwanzoni huonekana doa jeupe tu lisilouma. Tundu dogo linaweza kuzibwa, na jino likaendelea kutumika kwa miaka mingi. Asiyeumwa haji, na anayekuja huwa amechelewa.

Damu ya fizi nayo hueleweka vibaya, hata miongoni mwa wanafunzi wapya. Wengi waonapo damu huacha kupiga mswaki mahali hapo ili pasiumie. Mara nyingi damu hiyo ni dalili kwamba ukoga umekaa kwenye ukingo wa fizi, na mahali hapo ndipo panapohitaji kusafishwa zaidi, kwa upole na kwa mswaki wenye nywele laini. Ukoga ukiachwa hugeuka ugaga mgumu ambao mswaki hauutoi tena, na mgonjwa hulazimika kusafishwa na tabibu. Kusugua kwa nguvu hakusaidii. Hulika fizi na shingo ya jino.

Kuhusu mswaki wa mti, ambao ndio uliotangulia kuitwa mswaki kabla ya huu wa dukani, anayeutumia hana sababu ya kuona haya. Ukitafunwa ncha hadi ulainike na kupitishwa kila upande wa meno, huondoa ukoga vizuri. Unachokosa ni floraidi iliyomo katika dawa nyingi za meno, ambayo huliimarisha gamba la jino. Anayetumia dawa hiyo ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kinywani.

Mwanafunzi aliyepo kitengoni hufanya kazi chini ya usimamizi wa tabibu aliyesajiliwa. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kwamba anayemhudumia ni mwanafunzi na anaweza kukataa, na akikataa hanyimwi huduma. Akikubali, hakuna ubaya kumwomba amwoneshe namna ya kupiga mswaki. Wanafunzi hufundishwa kufanya hivyo, na wengine ndipo wanapojifunza wenyewe.