Mchezo Mfupi wa Gofu (3): Itazame Weji kwa Chini

Ingia duka lolote la vifaa vya gofu uwaangalie wateja wanavyochagua weji. Mtu huishika fimbo, husoma namba iliyochongwa kichwani, 52, 56 au 60, huipunga hewani mara mbili, kisha huuliza bei. Namba hiyo ni mwinamo wa uso, yaani digrii ambazo uso wa fimbo umelala kuelekea nyuma, nayo ina kazi yake. Lakini weji nyingi zina namba ya pili, 6, 10 au 14, ambayo wateja wengi hawaiulizi. Katika sehemu mbili zilizotangulia tulishughulika na mikono na miguu ya mchezaji. Leo nashughulika na namba hiyo ndogo, kwa sababu kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kama weji itakufaa au itakuaibisha mbele ya kedi wako.

Habari yake inaanzia mchangani. Zamani aliyetumbukia bankani alitoka na niblick, chuma chenye uso uliolala sana lakini wayo mwembamba na ukingo mkali. Fimbo ya namna hiyo ikigusa mchanga huzama kama jembe. Wenye ustadi waliweza kuupiga mpira peke yake bila kuugusa mchanga. Wengine waliacha mapigo mawili matatu humo humo. Dawa ya kwanza ilikuwa weji nzito ambayo uso wake ulibonyea kwa ndani. Bobby Jones alikuwa nayo kwenye Open ya Uingereza huko Hoylake mwaka 1930, mwaka aliotwaa mataji makubwa manne ya wakati ule, na katika raundi ya mwisho ilimtoa kwenye banka la shimo la 16. Mwaka uliofuata uso wa aina hiyo ukapigwa marufuku, kwa kuwa uliweza kuugusa mpira mara mbili katika pigo moja.

Aliyelitatua tatizo ni Gene Sarazen, mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano katika jimbo la New York, aliyeanza gofu kwa kubeba mikoba ya wengine. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia akiwa angani na tajiri na rubani Howard Hughes: ndege ilipokuwa ikipaa, mkia ulishuka na pua ikainuka. Majira ya baridi ya 1931 kuingia 1932, huko New Port Richey, Florida, alichukua niblick, akayeyusha risasi na kuibandika nyuma ya wayo. Akapiga tupa, akaenda kujaribu mchangani, akarudi kuongeza au kupunguza, hadi sehemu ya nyuma ya wayo ikawa chini kuliko ukingo wa mbele. Hadithi ya ndege huenda imetiwa chumvi kidogo, maana Sarazen alikuwa msimulizi hodari, ila chuma kilichotoka katika karakana ile hakikuwa na mzaha.

Mwaka 1932 alikwenda nacho Prince's, Sandwich, kwenye Open ya Uingereza. Alihofia kwamba wakubwa wa R&A, wasimamizi wa kanuni za gofu, wakikiona mapema watakikataza kama walivyokataza kile kingine, kwa hiyo katika siku za mazoezi alikitumbukiza mkobani kichwa chini, na jioni akarudi nacho hotelini kimefichwa ndani ya koti. Mashindano yalipoanza ikawa vigumu kumzuia. Alimaliza kwa mapigo 283, rekodi ya wakati huo, akamwacha Macdonald Smith kwa mapigo 5. Mwezi huo huo akashinda na Open ya Marekani pale Fresh Meadow, mashimo 28 ya mwisho kwa mapigo 100. Hata mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 71, alirudi kwenye Open ya Uingereza huko Troon: siku ya kwanza akaingiza mpira kwa pigo moja kwenye shimo fupi la 8, siku ya pili akatumbukia bankani kwenye shimo lile lile, na kutoka humo akaupeleka mpira moja kwa moja shimoni. Kwenye shimo hilo, siku zote mbili pata haikutoka mkobani.

Sasa turudi kwenye wayo. Pembe kati ya ukingo wa mbele na sehemu ya wayo iliyo chini kabisa ndiyo wachezaji wanayoiita baunsi. Weji yenye baunsi ya digrii 12 inaposhuka, ukingo wake huwa bado umeinuka wakati tako la wayo limeshagusa ardhi. Ardhi hulisukuma tako, kichwa kinateleza na kuendelea mbele, na kosa la kuanza kupiga sentimita mbili nyuma ya mpira linasameheka. Yenye digrii 5 haina msamaha huo. Ukingo wake hupita karibu sana na ardhi, jambo zuri pale mpira ulipolala kwenye udongo mgumu usio na nyasi, na baya pale ardhi ilipolowa, maana huko utalima.

Wauzaji hawakuelezi kwamba namba iliyochongwa ni ya fimbo iliyosimama wima dukani. Mikononi mwako inabadilika. Ukiegemeza mpini mbele, mikono ikautangulia mpira, kila digrii ya kuegemea hupunguza takriban digrii moja ya mwinamo na digrii moja ya baunsi. Mwenye weji ya baunsi 6 anayeegemeza mpini digrii 8 hana baunsi tena, ukingo ndio ulio chini, halafu analaumu nyasi. Ukiufungua uso, yaani ukiuelekeza kulia kwa anayetumia mkono wa kulia, mambo hugeuka: mwinamo huongezeka na baunsi huongezeka pamoja nao. Ndiyo maana bankani hufunguliwa uso kwanza, kisha ndipo fimbo hushikwa. Anayeishika kwanza na kuuzungusha kwa viganja atakuta uso umerudi ulipokuwa wakati wa kugonga.

Kwa hiyo kabla ya kununua jiulize mambo mawili: unachezea ardhi gani, na fimbo yako hushukaje? Anayeshusha fimbo kwa wima na kung'oa vipande vikubwa vya nyasi anahitaji baunsi kubwa na wayo mpana. Anayefagia juu ya nyasi anaweza kuridhika na ndogo. Ukikuta majibu mawili yanagongana, mathalani wewe ni mlimaji na uwanja wako ni mgumu, mimi ningechukua baunsi ya kati, 8 hadi 10, kisha niende kwa mwalimu kurekebisha ulimaji.

Kuhusu ardhi, viwanja vya Nairobi vina mwenyeji wake. Nyasi ya kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilipelekwa California kuzuia mmomonyoko wa udongo, ikaenea hadi leo ndiyo inayofunika uwanja maarufu wa Riviera, Los Angeles. Wataalamu wa dunia nzima wanaolalamika huko kila mwaka wanalalamikia nyasi yetu. Kwenye feawei iliyokatwa vizuri huukalisha mpira juu, na pigo linakuwa tamu. Kando ya grini mambo ni mengine. Mashina yake manene hutambaa na kusokotana, na mpira uliopigwa chini chini ukitarajiwa kudunda kabla ya grini hunaswa hapo hapo na kufa. Fimbo nayo hushikwa shingoni, uso ukafunga, mpira ukaenda kushoto. Dawa yake ni kuutua mpira juu ya grini yenyewe, kushika mpini kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, na kutumia wayo mpana usiopenda kuzama katikati ya mashina. Kwa uwanja wa namna hiyo weji ya digrii 56 yenye baunsi 12 ni rafiki mkubwa kuliko ile ya 60 yenye baunsi 6 wanayoitamani vijana.

Hali ni tofauti kabisa kwenye vilabu vidogo vinavyochezea brauni, yaani grini za mchanga uliochanganywa na mafuta, ambapo mchezaji husawazisha njia ya mpira kabla ya kutumia pata. Hapo hakuna sababu ya kutafuta mzunguko. Chukua chuma namba 8, uubiringishe mpira.

Niseme wazi kuhusu hiyo 60. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tom Kite, kwa ushauri wa Dave Pelz, mtu aliyewahi kuwa mtafiti NASA, alianza kubeba weji ya tatu yenye mwinamo huo, na wenzake wakamfuata. Kite alikuwa mtu wa mazoezi kupita kiasi. Mchezaji wa Jumamosi anayegusa fimbo mara moja kwa wiki, akitumia weji iliyolala zaidi ya digrii 58, uso wake humpa nafasi ya kupita chini ya mpira na kuuacha pale pale. Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, alijifunza mchezo mfupi kwenye ufuko wa Pedreña kwa chuma namba 3 kilichochakaa, fimbo iliyolala kidogo tu. Sisemi uige hilo. Nasema ustadi wa mikono yake haukutoka kwenye digrii.

Jambo lililo na faida ya haraka zaidi ni pengo la mwinamo kati ya weji na weji. Weji ya pichi ya zamani ilikuwa na digrii 48 hadi 50. Siku hizi watengenezaji huisimamisha hadi 44 au hata 43 ili mnunuzi aone mpira unakwenda mbali na kufurahi. Weji ya mchanga imebaki 54 au 56. Katikati pamekuwa na shimo la digrii 12. Tuseme pichi yako inafika yadi 110 na ya mchanga yadi 75. Ukibakiwa na yadi 92 utapiga nini? Hapo ndipo weji ya 50 inapostahili kukaa, hata kama itabidi utoe chuma kirefu usichokitumia, kwani kanuni inaruhusu fimbo 14 tu, tangu 1938 kwa Marekani na 1939 kwa R&A. Umbali huo upime kwenye uwanja unaocheza. Hewa ya Nairobi ni nyepesi na mpira husafiri mbali kuliko Mombasa, kwa hiyo namba za shemeji yako wa Nyali hazikusaidii.

Vifereji vya usoni havihitaji maneno mengi. Kazi yake ni kukimbiza maji na nyasi ili chuma kiguse mpira bila kizuizi, na asubuhi ya umande hata vikiwa vipya mpira utapaa juu zaidi na kujizungusha kidogo. Kanuni iliyoanza kwa wataalamu mwaka 2010 ilipunguza ukubwa wa vifereji na ukali wa kingo zake. Ukinunua weji iliyotumika, pitisha ukucha humo. Usipokwama, shusha bei au ondoka. Kisha igeuze utazame wayo. Sehemu iliyosuguliwa hukuonyesha aliyetangulia alikuwa akigusa ardhi wapi. Ikiwa mkwaruzo wote uko kwenye ukingo wa mbele, yamkini mwenzako alikuwa mlimaji na baunsi haikumtosha. Kama nawe ni mlimaji, itakutenda vivyo hivyo.

Namna ya kusimama bankani, mahali pa kuugusa mchanga, na kanuni za 2019 zinazoruhusu kuondoa jiwe au jani kando ya mpira lakini bado zinakataza kugusa mchanga wakati wa kuivuta fimbo nyuma, nitaziandika katika sehemu ya nne.