Mcheza Kwao Hutunzwa: Miaka 60 ya Msondo

Wazee wetu walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tuliisoma shuleni tungali watoto, tukaiandikia insha, tukapewa alama zetu, kisha wengi wetu tukaisahau. Lakini mtu atakaye kuiona ikitembea kwa miguu yake, na aende kwenye ukumbi ambamo wapenzi wa Msondo Ngoma wamekusanyika kuadhimisha umri wa bendi yao. Atawakuta wastaafu wa bandari na wa reli katika mashati yaliyopigwa pasi hata mikunjo ikasimama. Atawakuta akina mama waliovaa sare ya kitenge kimoja, madereva, makarani, mafundi cherehani, na vijana walioletwa na baba zao. Tarumbeta zikilia mara ya kwanza, hakuna angojaye kualikwa. Viti vyote hubaki vitupu. Na katikati ya wimbo mtu hutoka mahali pake, akaenda mbele polepole huku akicheza, akabandika noti juu ya paji la uso la mwimbaji, akarudi kukaa bila kusema neno. Huko ndiko kutunza.

Mwaka 2024 ilitimia miaka 60 tangu bendi hii ilipoanzishwa. Ni bendi chache sana katika Afrika zilizoishi umri huo bila ya kuvunjika. Basi yafaa tujiulize, ndugu msomaji, wapenzi hawa husherehekea nini hasa? Je, ni nyimbo tu, ambazo mtu aweza kuzisikiliza nyumbani kwake amelala kitandani? Au kuna jambo jingine linalowatoa majumbani mwao?

Hapana budi turudi nyuma kidogo. Kabla ya mwaka 1964 mji wa Dar es Salaam na miji mingine ya Tanganyika ilikuwa na vilabu vingi vya muziki. Kulikuwa na Dar es Salaam Jazz, na Western Jazz, na Kilwa Jazz. Morogoro walikuwa na Morogoro Jazz na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Tabora nao walikuwa na bendi yao. Vilabu hivyo vilikuwa vya wanachama. Watu walichanga fedha, wakanunua magitaa na ngoma, na wale waliojua kupiga walipiga. Mchana mpigaji alikuwa seremala, karani au mtumishi wa nyumbani. Usiku alikuwa mwanamuziki. Malipo aliyopata yalikuwa sehemu ya viingilio vya mlangoni, na usiku wa mvua hapakuwa na kiingilio wala malipo. Walipiga kwa mapenzi. Lakini mapenzi hayalipi kodi ya chumba.

Mwaka 1964, baada ya Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika kuvunjwa, kiliundwa chama kimoja cha wafanyakazi, yaani NUTA. Chama hicho kikaanzisha bendi yake, NUTA Jazz. Hapo ndipo jambo jipya lilipotokea. Wanamuziki waliajiriwa, wakapewa mshahara wa kila mwezi kama wafanyakazi wengine, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Mpiga gitaa akaamka asubuhi akaenda mazoezini kama vile karani anavyokwenda ofisini. Ule wasiwasi wa mvua ukaondoka.

Wengine wakauona mfano huo, wakaufuata. Majeshi yakawa na bendi zao, Umoja wa Vijana ukawa na Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, na Shirika la Bima likawa na BIMA Lee. Haikuwa ajabu tena kuona kiwanda kinafuma kitenge na kutoa wimbo chini ya paa moja. Wapo waliocheka, wakasema kuwa kazi ya kiwanda si kuimba. Walakini wimbo mzuri ulitangaza jina la kiwanda kuliko bango lolote, na mwanamuziki alikula chakula chake kwa heshima.

Jina la bendi lilibadilika kila jina la chama cha wafanyakazi lilipobadilika. Vyama vya TANU na ASP vilipoungana mwaka 1977, na Jumuiya ya Wafanyakazi ikachukua mahali pa NUTA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Ilipoundwa OTTU mwaka 1991, bendi ikawa OTTU Jazz. Lakini mtaani watu walikuwa wamekwisha kuchagua jina lao. Walisema Msondo, jina la ile ngoma ndefu ya pwani, kwani huo ndio mtindo wa bendi. Leo majina ya ofisi yamekwenda na ofisi zake. Jina walilotoa wapenzi ndilo lililobaki.

Wala tusidhani kuwa safari hiyo ilikuwa nyororo. Mwaka 1978 ilianzishwa Mlimani Park, na baadhi ya wanamuziki wakubwa wa Msondo wakahamia huko, miongoni mwao Muhiddin Maalim Gurumo. Wengi walidhani kuwa Msondo imekufa. La hasha! Kutoka katika kuhama huko ulizaliwa utani mkubwa wa Sikinde na Msondo, utani ambao haupungui ule wa Simba na Yanga. Mume alikuwa Msondo na mke Sikinde, na ndoa haikuvunjika. Bendi hizo mbili zimepambanishwa mara nyingi siku za sikukuu, na kila upande huondoka ukijigamba kuwa umeshinda. Mshindani mwema ni jiwe la kunolea kisu. Sauti ya Hassani Rehani Bitchuka imesikika pande zote mbili, na kila upande humdai kuwa ni wake.

Sasa nitaje sababu ya mapenzi haya. Wimbo wa dansi wa kwetu una sehemu mbili. Kwanza huja maneno, polepole, ili yasikike; mtunzi hueleza kisa cha ndoa, cha deni, cha rafiki msaliti, cha mtoto aliyesahau wazazi, cha mfanyakazi aliyelewa mshahara wake. Wasikilizaji huinamisha vichwa na kuyapima maneno hayo, na kesho yake hubishana kazini juu ya nani aliyekusudiwa. Kisha, maneno yamekwisha kuingia, huja chemko: magitaa huanza kusemezana, tarumbeta na saksafoni hujibizana, na gitaa la solo, kama lile la Saidi Mabera lililosikika humo tangu miaka ya sabini, huwapandisha watu kama maji ya sufuria. Kwanza fikira, ndipo furaha. Mtu hurudi nyumbani amecheka na amefundishwa, wala hajui ni saa ngapi alifundishwa.

Nyimbo hizo zilisambazwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ziliitwa studio, zikarekodiwa katika tepu, na wimbo ukasikika Mtwara na Mwanza siku moja. Lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri. Sahani zilitengenezwa Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo nayo ikawa ngumu. Kwa hiyo nyimbo zilizojulikana na watu wote hazikuuzwa dukani kwa kadiri ya kujulikana kwake. Mwanamuziki alikuwa na jina kubwa na mfuko mdogo. Nawaomba wasomaji wangu walishike neno hili, maana ndilo kiini cha makala yangu.

Usiku mmoja wa furaha ya namna hii nilikaa meza moja na mzee aliyefanya kazi ya kupakua shehena bandarini. Nilimwamkia, akaitikia, tukanywa soda zetu. Kila baada ya wimbo mmoja aliinuka, akatoa noti ya shilingi elfu moja iliyokunjwa vizuri, akaenda kutunza. Nilipoona amekwenda mara ya nne nilimwambia, “Mzee wangu, wamekwisha kukuona, sasa pumzika.” Akacheka. “Mwanangu,” akasema, “zamani mchango wa chama ulikatwa katika mshahara wangu kabla sijaushika mkononi, na katika mchango ule hawa wakalipwa, wakaimba. Leo hakuna anikataye. Nisipojikata mwenyewe, nani atawalipa?”

Sikuwa na jibu. Katika maneno machache mzee yule alikuwa ameeleza mambo ambayo sisi wenye kalamu huyazunguka. Yeye hakujiona mgeni wa bendi, bali mwenye mali. Bendi ile ilijengwa kwa senti za mpakuzi, mfumaji, na mfagiaji, na kwa hiyo sherehe ya bendi ni sherehe yao. Ndiyo sababu hawakai majumbani.

Lakini maneno yake yana upande wa pili, ulio mchungu. Miaka ya themanini na ya tisini uchumi wetu ulipodhoofika na mashirika mengi kuuzwa au kufungwa, bendi nyingi za mashirika zilitoweka. Vyombo vilichakaa, na hakuna aliyenunua vingine. Kanda zilinakiliwa mitaani bila ya mtunzi kupata hata senti. Msondo ilinusurika kwa sababu wanamuziki wenyewe walikataa kuiacha, wakaiendesha kwa viingilio, kama vile vilabu vya baba zao vilivyofanya kabla ya mwaka 1964. Hivyo baada ya miaka mingi mwanamuziki amerudi palepale: mvua ikinyesha hakuna malipo.

Tazameni maisha ya Gurumo. Aliimba NUTA Jazz tangu mwaka 1964, akapita Mlimani Park na Orchestra Safari Sound, kisha akarudi kwenye bendi yake ya zamani. Mwaka 2013 alitangaza kustaafu, na kijana wa muziki wa siku hizi, Diamond Platnumz, akamzawadia motokaa. Wengi tulilisifu tendo lile, na lilistahili sifa. Lakini hebu tufikiri. Mtu aliyeimba karibu miaka 50, ambaye sauti yake iliamsha na kulaza taifa, alihitaji ukarimu wa kijana mmoja ili apande gari lake. Gurumo alifariki dunia mwezi wa Aprili mwaka 2014, mwaka uleule ambao bendi ilitimiza miaka 50. TX Moshi William alikuwa ametangulia mwaka 2006. Zawadi ni jambo jema, lakini zawadi si haki. Zawadi hutoka katika moyo wa mtu, na moyo waweza kubadilika. Haki husimama hata moyo ukibadilika.

Wapo wasemao kuwa wanamuziki wa zamani walijiponza wenyewe kwa ulevi na kutoweka akiba. Yawezekana wengine walifanya hivyo. Lakini hata mhasibu mlevi hulipwa kiinua mgongo chake. Wengine husema kuwa muziki huu ni wa wazee, na uachwe ufe nao. Hao nawajibu kwamba vijana wenyewe hawasemi hivyo. Kila siku twasikia magitaa na maneno ya zamani yakiazimwa katika nyimbo mpya. Mtu haazimi katika nyumba isiyo na kitu.

Basi, wapenzi wanapokusanyika kuadhimisha miaka ya Msondo, au ya Sikinde, au ya bendi yoyote ile, yafaa waondoke na mambo manne mioyoni. Kwanza, walipe kiingilio, wala wasione fahari kuingia kwa kujuana na bawabu. Anayejiita mpenzi na kuingia bure ni mpenzi wa mdomo. Pili, watunzi na jamaa za watunzi waliokufa waandikishe nyimbo zao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilimpa mtungaji haki maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kufa kwake. Haki iko katika karatasi, lakini karatasi haimfuati mtu nyumbani. Tatu, wanamuziki wajiwekee akiba ya uzee. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii huwapokea pia waliojiajiri wenyewe, na bendi ikitenga sehemu ndogo ya kila kiingilio, mpiga ngoma hatazeeka mikono mitupu. Nne, tepu za zamani za redio ya taifa zitunzwe kwa uangalifu, na wimbo ukichezwa redioni au hotelini, mwenye wimbo alipwe. Tepu ikiharibika haitungiki tena, kwani aliyeimba hayupo.

Mambo haya si makubwa. Hayahitaji mikutano mingi wala hotuba ndefu, bali yahitaji kwamba tuache kudhani kuwa makofi ni mshahara.

Usiku ule bendi ilipofunga vyombo, mzee wangu alikuwa amemaliza noti zake. Alipekua mifuko, akapata sarafu mbili, akazitazama, akasita. Sarafu haishiki juu ya paji la uso. Basi akaenda mpaka jukwaani, akamshika mpiga tarumbeta mkono, akazitia katika kiganja chake na kukifunga kwa vidole vyake mwenyewe. Kisha akanipungia mkono, akatoka kwenda kutafuta basi la mwisho. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee. Mzee yule ametimiza sehemu yake ya methali hiyo. Iliyobaki ni sehemu yetu sisi.