Tao la tanjenti: kutafuta pembe kwa JavaScript

Katika kufundisha istilahi za hisabati, neno "kinyume" huwachanganya wanafunzi. Tanjenti hupokea pembe na kutoa uwiano. Kinyume chake hupokea uwiano na kurudisha pembe. Si moja kugawanywa kwa tanjenti, ingawa alama ya −1 iliyo juu ya "tan" kwenye vikokotoo huwafanya wengi wadhani hivyo.

Kifaransa, kinachotumika katika shule za Burundi, huandika arctan, yaani tao la tanjenti. JavaScript, lugha ya programu za tovuti iliyotangazwa mwaka 1995, imelifupisha jina hilo kuwa Math.atan. Neno "tao" lina maana yake: jibu ni urefu wa tao katika duara lenye nusu kipenyo 1. Kipimo hicho huitwa radiani, wala si nyuzi.

Mfano. Tuseme njia ya kilimani huko Bugendana, Gitega, inapanda mita 100 kwa kila mita 400 za mlalo. Uwiano ni 0.25. Tunaandika:

Math.atan(0.25) * 180 / Math.PI

Jibu ni nyuzi 14.04 hivi. Bila kuzidisha kwa 180 na kugawanya kwa Math.PI, tungepata 0.245, ambazo ni radiani. Anayeandika 1 / Math.tan(0.25) hupata 3.916, namba isiyohusiana na mwinuko huo.

Mwanafunzi wa Burundi ana mtego mwingine. Katika Kifaransa, desimali huandikwa kwa mkato: 0,25. Akiandika Math.atan(0,25), kompyuta huona namba mbili, 0 na 25. Huchukua ya kwanza, huiacha ya pili, kisha hutoa 0 bila onyo lolote. Kilima kimekuwa uwanda! Hapa ni nukta pekee inayokubalika.

Kosa jingine huonekana wazi zaidi. Math.asin(2) hutoa NaN, maana yake "si namba", kwa kuwa sini haizidi 1 kamwe.

Zoezi: Mtu ametembea mita 50 juu ya mteremko, akapanda mita 10. Je, tutumie Math.atan au Math.asin? Mita 50 ni urefu wa njia yenyewe, si mlalo. Basi ni Math.asin(0.2), na pembe ni nyuzi 11.54 hivi. Mwalimu amtake mwanafunzi aeleze sababu kwa Kiswahili kabla ya kugusa kompyuta.