Dozi ya pili ya chanjo ya kipindupindu Uvira: nani anywe kwanza?

Chanjo ya kipindupindu haina sindano. Ni kichupa cha plastiki chenye mililita moja na nusu ya dawa. Mchanjaji anakikata shingo, anakukamulia mdomoni, unameza, kazi imekwisha. Wakazi wengi wa Uvira, mji wetu wa mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, waliinywa mwaka 2020, kampeni ilipopita mitaani kwa awamu mbili. Ilikuwa miezi michache tu tangu mto Mulongwe ufurike mwezi Aprili, ukabomoa nyumba na kuvuruga maji ya bomba. Wapo waliopata awamu zote mbili. Wapo waliopata moja tu, kwa sababu siku ya awamu ya pili walikuwa ziwani wakivua au shambani kwenye bonde la Ruzizi. Hao ndio wanaouliza kila kipindupindu kinapoanza upya: "Dokta, mimi nilikunywa mara moja. Kinga bado iko, ao nitafute ingine?"

Kipindupindu kinachotutesa ni sehemu ya janga la saba la dunia, lililoanza Indonesia mwaka 1961 na halijaisha hadi leo. Kwenye maziwa ya mashariki ya Kongo kiliingia miaka ya 1970, kikakaa. Kwa hiyo swali la dozi ya nyongeza wakati wa janga, ambalo sehemu nyingine za dunia wamekwisha kuliweka kando pamoja na barakoa za Covid-19, Uvira ni swali la kila mwaka.

Tuanze na mwili wenyewe. Chanjo hii ina bakteria wa kipindupindu waliouawa. Wakifika tumboni hawawezi kuzaana wala kumwaga sumu, lakini utumbo unawatambua, unatengeneza kinga na kuweka kumbukumbu. Kinga ile ya mwanzo hupungua kadiri miezi inavyopita. Kumbukumbu hudumu zaidi, na ndiyo inayoamua kama dozi ya ziada ina kazi. Mtu mzima aliyekulia kando ya Tanganyika mara nyingi amekwisha kukutana na bakteria huyu bila kujua, kwa kuwa wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa au huharisha kidogo tu, wakapona. Chanjo inapomfikia, inakuta utumbo wenye kumbukumbu. Dozi moja inatosha kuiamsha. Mtoto wa miaka miwili hana kumbukumbu hiyo. Kwake dozi ya kwanza ndiyo inayofundisha, ya pili ndiyo inayokomaza.

Huko Dhaka, Bangladesh, jambo hili lilionekana wazi. Katika jaribio la dozi moja ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2016, watu wazima na watoto wakubwa walikingwa vizuri katika miezi sita ya kwanza, hasa dhidi ya ugonjwa mkali, ila kwa walio chini ya miaka mitano faida haikuonekana.

Lakini Dhaka si Uvira, na miezi sita si miaka mitatu. Ndiyo maana kazi iliyofanyika hapa kwetu ina uzito wa pekee, na ninasikitika kwamba inajulikana zaidi Geneva kuliko mtaani kwetu Kavimvira. Watafiti wakiongozwa na Espoir Bwenge Malembaka waliwachukua wagonjwa waliothibitishwa na maabara kuwa na kipindupindu, wakawalinganisha na majirani zao wasiougua, wa umri na jinsia ileile, wakiuliza kila mmoja alikunywa dozi ngapi mwaka 2020. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Dozi moja ilipunguza hatari kwa zaidi kidogo ya nusu, mwaka mmoja hadi mmoja na nusu baada ya kunywa. Katika mwaka wa tatu ilikuwa bado inapunguza kwa karibu asilimia 45. Kabla ya hapo, mwongozo wa kimataifa ulithubutu kuahidi miezi sita tu kwa dozi moja. Kwa watoto wa mwaka mmoja hadi minne, kama ilivyotarajiwa, kinga ilikuwa hafifu zaidi.

Sasa hesabu, na naomba msomaji aifuate taratibu kwa sababu ndiyo kiini cha jambo. Chukua vichupa 100 na watu wazima 100 ambao, bila chanjo, wote wangeugua. Kila mtu akinywa kimoja, na kimoja kinakinga karibu nusu, watu kama 50 wataokoka. Ukiwapa watu 50 vichupa viwili viwili, wengine 50 wanabaki mikono mitupu. Ili mpango huu wa pili ulingane tu na wa kwanza, dozi mbili zingepaswa kumkinga kila mtu bila kukosa hata mmoja, na hakuna chanjo ya kipindupindu yenye uwezo huo. Kwa hiyo vichupa vikiwa vichache, dozi ya pili kwa mtu mzima mwenye afya inachukuliwa mdomoni mwa jirani ambaye hajapata hata ya kwanza.

Na vichupa ni vichache kweli. Mwezi Oktoba 2022, kamati ya kimataifa inayosimamia akiba ya dharura ya chanjo ilisimamisha utaratibu wa dozi mbili katika milipuko, ikabakiza moja, kwa sababu nchi zilizoomba zilikuwa nyingi na watengenezaji wachache mno. Wengi walilaumu kwamba Afrika inapewa nusu ya kinga. Naelewa uchungu huo, na upungufu wenyewe ni aibu ya dunia. Hata hivyo, takwimu za Uvira zimeonyesha kwamba kwa watu wazima uamuzi ule ulikuwa sahihi. Kwa watoto wadogo siwezi kusema hivyo.

Mabishano ya dozi za nyongeza za Covid-19 yalikuwa ya namna hiyohiyo. Mwishoni mwa Julai 2021 Israeli ilianza kutoa dozi ya tatu kwa wazee, na siku chache baadaye mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akaziomba nchi tajiri zisitishe dozi za nyongeza, kwa kuwa nchi maskini zilikuwa na watu wengi wasiopata hata ya kwanza. Machi 2023 wataalamu wa shirika hilo walifikia hapa: wazee, wenye magonjwa sugu, wajawazito na wahudumu wa afya waendelee kupata nyongeza; mtu mzima mwenye afya, akishamaliza dozi za msingi na nyongeza moja, hana haja ya kurudia kila mara. Maswali yaliyowafikisha hapo yanatufaa na sisi. Kinga iliyopungua ni dhidi ya nini, kuugua kidogo au kufa? Nani akiugua hatapona kwa urahisi? Dozi hii ikienda kwa mwingine, ingeokoa zaidi?

Uvira inaongeza swali la nne: nani hakuwepo? Watoto wote waliozaliwa baada ya kampeni ya 2020 hawakuinywa. Vita vimeleta wakimbizi kutoka bondeni na milimani. Februari 2025, mji wa Bukavu ulipotekwa na waasi, maelfu walivuka mto Ruzizi kuingia Burundi, wengine wakarudi. Mji unaweza kupoteza kinga yake bila kinga ya mtu yeyote kushuka, kwa sababu tu waliochanjwa wametoka na wasiochanjwa wameingia. Hao wasiochanjwa ndio wa kutafutwa kwanza.

Tena kuna bomba. Uchunguzi uliotumia kumbukumbu za Uvira za mwaka 2009 hadi 2014 uligundua kwamba siku ambayo maji ya Regideso, kampuni ya maji ya bomba, hayakutoka ilifuatiwa, ndani ya siku 12, na wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu zaidi ya mara mbili ya kawaida. Mama akikosa maji bombani anashusha bidoni ziwani au mtoni. Hakuna idadi ya dozi itakayofidia safari hiyo ya kila asubuhi.

Basi, wewe uliyekunywa mara moja na una afya, usihangaike kutafuta dozi nyingine. Kampeni ikifika mlangoni pako, kunywa bila hofu, hata kama ulikunywa zamani; kurudia hakudhuru. Ila mwanao wa mwaka mmoja hadi minne asikose hata awamu moja, na ninaiomba wizara ya afya, akiba ikiruhusu tu, irudishe dozi mbili kwa watoto hawa kabla ya mtu mwingine yeyote. Na kuhara majimaji kukianza, usikae kuhesabu dozi ulizokunywa. Anza ORS, ile dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini, palepale nyumbani, iliyochanganywa na maji safi, na uende kituo cha matibabu ya kipindupindu siku hiyohiyo. Anayewahi kutibiwa, hatari ya kufa iko chini ya mmoja kati ya wagonjwa 100. Mwenye kipindupindu kikali asiyetibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache.