Mtoto na Debe la Kahawa

Kahawa ikiiva katika Tetu, Othaya na Mathira, tangu Oktoba hata Desemba, kazi huzidi mikono. Huku Kieni nako, katika mashamba ya skimu upande wa Naro Moru na Mweiga, viazi vikikomaa havingoji. Ndipo mkulima humwambia mtoto aliyekwisha kushika mkoba wa shule, "Leo tusaidie kwanza."

Je, ni vibaya? Si kila mara. Mtoto akilisha kuku au kufunga ndama jioni hujifunza kazi. Samaki mkunje angali mbichi. Bwana Michael Bourdillon, aliyechunguza maisha ya watoto wafanyao kazi huko Zimbabwe, aliandika pamoja na wenzake katika kitabu cha mwaka 2010 kwamba iko kazi imjengayo mtoto na iko imharibuyo. Yafaa kutazama kazi yenyewe.

Lakini tusijidanganye. Shirika la Kazi Duniani na UNICEF walihesabu mwaka 2020 watoto milioni 160 duniani waliokuwa katika kazi zisizowafaa. Katika kila 100, watoto 70 walikuwa katika kilimo, na 72 walifanya kazi kwa jamaa zao wenyewe. Mwaka 2024 hesabu ilishuka hata milioni 138. Basi jambo hili si la mashamba makubwa peke yake. Ni letu pia.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, hata bila ujira. Wa miaka 13 hadi 16 aweza kupewa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia shule.

Basi, mkulima, jiulize maneno matatu. Kwanza, kazi hii yamnyima shule au usingizi? Pili, mzigo huu wampasa? Debe lililojaa kahawa mbichi si la mgongo wa mtoto. Tatu, pana sumu? Mtoto asishike pampu ya dawa, asichanganye dawa, wala asiingie shambani lililonyunyizwa karibuni. Mwili wake ni mdogo, na sumu kidogo humdhuru upesi.

Tena yuko mtoto asiyesemwa: yule wa jamaa aliye maskini, aliyeletwa kuchunga ng'ombe wako kwa ahadi ya kusomeshwa. Wako akienda shule, naye aende. Ahadi ni deni.

Zamani, katika mashamba ya Wazungu, watoto wengi walichuma kahawa na pareto kwa ujira mdogo. Tangu 1962 Serikali ilianza kununua mashamba mengi ya namna hiyo na kuyagawa kwa wakulima. Ardhi imebadili mwenyewe. Haifai mtoto abaki na debe lile lile.