Sikio la mbwa mzee si sikio la kufa

Katika maghala mengi ya nafaka mipakani, kuanzia Namanga hadi Busia, kuanzia Sirari hadi Mutukula, mlinzi wa usiku ana msaidizi asiyedai mshahara. Ni mbwa. Mara nyingi ni mzee wa miaka minane, tisa au kumi, anayejua mlio wa kila lori na harufu ya kila mpakiaji. Mwenye mali anapokuwa upande wa pili wa mpaka akisubiri karatasi za forodha, mbwa huyo ndiye anayebaki na mzigo.

Siku moja anaanza kutikisa kichwa. Anajikuna sikio mpaka ngozi inachubuka. Baada ya wiki sikio linatoa harufu, kisha uchafu mzito. Mwenye mbwa ananunua dawa ya matone, sikio linatulia, mwezi unapita, harufu inarudi. Ikifika mara ya tatu, watu wa ghalani wanatoa hukumu kwa methali: sikio la kufa halisikii dawa.

Methali ni nzuri kwa mtu mkaidi, lakini kwa mbwa mzee inapotosha. Sikio linalorudi kuugua kwa kawaida lina sababu ambayo haijatafutwa, au limepewa dawa isiyolifaa, au dawa imekatishwa kabla ya wakati. Na maisha ya mpakani, yenye safari nyingi na maduka mawili mawili, yanarahisisha makosa yote matatu.

Kwa nini linarudi

Njia ya sikio la mbwa haijanyooka kama ya binadamu. Inashuka chini kwanza, kisha inakata kona kuelekea ndani, mfano wa herufi L. Maji, nta na usaha vikifika kwenye kona hiyo, havitoki kwa urahisi. Mbwa mwenye masikio yanayoning'inia ana shida zaidi, kwa sababu hewa haipiti na joto halitoki.

Humo ndani bakteria na fangasi huwapo hata sikio likiwa zima. Huongezeka kupita kiasi pale kitu kingine kinapolichokoza sikio. Kitu hicho kinaweza kuwa kupe aliyejificha ndani, utitiri, au mbegu ya nyasi yenye ncha iliyoingia wakati mbwa akizunguka uani. Kwa mbwa wengi ni mzio, wa chakula au wa vumbi na wadudu, ambao pia huwafanya walambe miguu na kujikuna tumbo.

Kwa mbwa mzee yapo mambo mengine mawili ya kutazamwa. La kwanza ni tezi ya shingoni, inayoitwa thairoidi, ambayo kwa baadhi ya mbwa hulegea kadiri umri unavyosonga. Mbwa ananenepa bila kula zaidi, anakuwa mzito wa kuamka, manyoya yanapukutika mkiani na ubavuni, na ngozi na masikio vinaanza kuugua. La pili ni uvimbe unaoota ndani ya njia ya sikio na kuiziba. Mbwa aliyeishi miaka tisa bila shida ya sikio, kisha akaanza kuugua uzeeni, anahitaji kuchunguzwa kwa mambo haya. Matone peke yake hayawezi kurekebisha tezi wala kuondoa uvimbe.

Maboksi matatu, dawa moja

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa maharage anayevuka mpaka mara mbili kwa wiki. Ananunua matone upande wa Kenya, anampa mbwa siku tano. Sikio likionekana kavu anaacha. Tatizo linaporudi, ananunua boksi jingine upande wa Tanzania, akiamini kwamba amebadilisha dawa. Mwezi wa tatu rafiki anamletea la tatu kutoka Uganda. Rangi za maboksi ni tofauti na majina ya biashara ni tofauti. Lakini akisoma maandishi madogo chini ya jina kubwa, anaweza kukuta kwamba kiini ni kilekile.

Hapo mbwa hajapata dawa tatu. Amepata dawa moja mara tatu, kila mara nusunusu, na kila nusu imeua bakteria dhaifu na kuwaacha wenye nguvu. Huo ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Yupo bakteria mmoja anayejulikana kwa tabia hiyo, Pseudomonas, ambaye hupenda masikio yaliyotibiwa mara nyingi bila mpango. Dalili zake ni usaha wa kijani au wa njano, harufu kali na maumivu makubwa. Akishaingia, matibabu yanaweza kuchukua miezi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji fedha. Piga picha kwa simu maboksi yote yaliyotumika, upande wenye jina la kiini, na uandike siku dawa ilipoanza na ilipoachwa. Daktari akiona picha hizo, hataanza kubahatisha upya.

Suala la safari nalo lina dawa yake. Matibabu ya sikio huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, na matone hutiwa kila siku. Mwenye mbwa akisafiri Jumanne na Ijumaa bila kumwachia mtu kazi hiyo, tiba inakatika mara mbili kila wiki. Mlinzi au kijana wa ghala afundishwe kabla ya safari, na kila anapotia dawa aweke alama kwenye daftari lilelile la kuingiza magunia.

Visivyomiminwa sikioni

Mafuta machafu ya gari, mafuta ya taa, spiriti na maji ya betri vimewahi kumiminwa kwenye masikio ya mbwa kwa nia njema. Vyote huunguza. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo haifai. Ni kweli wafugaji wa ukanda huu wanaijua kwa sababu ya kupe wa masikio anayeeneza ndigana kali, lakini kipimo cha ng'ombe ndani ya sikio la mbwa kinaweza kumlewesha na kumuua. Kwa paka wa ghalani hatari ni kubwa zaidi: dawa za kupe zenye permethrini, ambazo ng'ombe na mbwa huzivumilia, humtia paka degedege.

Matone ya binadamu yaliyobaki kabatini yaachwe huko. Ndani ya sikio kuna kiwambo chembamba kinachotenganisha njia ya nje na sikio la kati. Ugonjwa wa muda mrefu unaweza kukitoboa. Kikishatoboka, baadhi ya dawa, ikiwemo jentamisini, zinaweza kupenya na kuharibu usikivu na mizani ya mwili. Mbwa anaanza kuyumba na kuanguka, na huenda asisikie tena. Mbwa wa ulinzi asiyesikia hamsaidii mlinzi wa usiku.

Daktari anafanya nini

Daktari wa mifugo anayejua kazi yake hamwandikii mbwa dawa kwa kusikia maelezo tu. Hutazama ndani kwa kifaa chenye taa kuona kama kiwambo ni kizima na kama kuna kupe, mbegu au uvimbe. Kisha huchukua uchafu kidogo kwa kijiti chenye pamba, akaupaka kwenye kioo, akautia rangi na kuutazama kwa hadubini. Kipimo hicho huchukua dakika chache, na ndicho kinachoonyesha kama adui ni fangasi, bakteria au utitiri. Uchafu wa kahawia wenye mafuta na harufu ya uchachu mara nyingi ni wa fangasi. Mweusi na mkavu kama unga wa kahawa humfanya daktari afikirie utitiri. Lakini macho hudanganya, hadubini haidanganyi sana.

Kama matibabu yameshashindwa, au hadubini imeonyesha bakteria wa umbo la vijiti, usaha hupelekwa maabara kuoteshwa ili ijulikane ni dawa ipi inayowaua. Sikio lililovimba hadi njia ikajifunga huhitaji kwanza dawa ya kupunguza uvimbe, kama prednisoloni, kwa sababu matone hayawezi kupita palipozibwa. Vidonge hivyo vina madhara vikitumika kiholela: mbwa hunywa maji na kukojoa sana, na mzee mwenye kisukari anaweza kuzidiwa. Sikio lenye maumivu makali husafishwa mbwa akiwa amelazwa usingizi, na kwa mbwa mzee ni busara kupima damu kwanza kuona hali ya figo na ini.

Mbwa akiinamisha kichwa upande mmoja, akizunguka kama aliyelewa, au uso ukilegea upande, ugonjwa huenda umefika sikio la kati au la ndani. Hilo si la kusubiri siku ya soko. Na kama njia ya sikio imekuwa ngumu kama mfupa kwa miaka ya uvimbe, upasuaji wa kuiondoa yote unaweza kuwa jibu la mwisho. Usikivu wa sikio hilo hupotea karibu wote, lakini maumivu nayo huisha. Ni kazi ya daktari mpasuaji mwenye uzoefu, na vyuo vikuu vinavyofundisha udaktari wa mifugo, kama SUA Morogoro, Nairobi kupitia Kabete, na Makerere, ni mahali pazuri pa kuulizia.

Kuosha bila kuumiza

Dawa ikitiwa juu ya usaha haifiki kwenye ngozi. Kwa hiyo daktari huelekeza kuosha kwanza. Kimiminika cha kuoshea, kilichochaguliwa na daktari baada ya kuona kiwambo, hujazwa kwenye njia ya sikio. Chini ya sikio hukandwa taratibu kwa nusu dakika hivi, hadi isikike sauti ya maji. Mbwa huachwa atikise kichwa mwenyewe, kisha uchafu uliopanda juu hufutwa kwa pamba au kitambaa safi. Vijiti vya pamba havisukumwi ndani, kwa kuwa husindilia uchafu kwenye kona. Matone ya dawa hufuata baadaye, kwa muda ambao daktari ameagiza.

Matibabu huisha pale daktari anapoangalia tena kwa hadubini na kuona pamekuwa safi. Kutoweka kwa harufu hakutoshi. Hapa ndipo wengi hushindwa: fedha ya kurudi kwa daktari inaonekana kupotea kwa mbwa ambaye tayari amepona. Baada ya hapo, kuosha mara moja kwa wiki na kudhibiti kupe kunaweza kumtunza mbwa mwenye masikio mabovu kwa miaka.

Kung'atwa, vyeti na mpaka

Sikio bovu linauma. Mbwa mpole kwa miaka tisa anaweza kumng'ata mtoto aliyemshika kichwa. Anaweza pia kuyumba na kuwa mkali, na majirani wakapiga kelele za kichaa cha mbwa. Hakuna mtu wa kukisia hapo. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, aliyeng'atwa aende kituo cha afya siku hiyohiyo, na daktari wa mifugo aarifiwe. Mbwa mwenye cheti cha chanjo humtoa mwenye mali kwenye matatizo mengi.

Cheti hicho kinahitajika pia kama daktari wa karibu yuko ng'ambo. Mbwa havuki kama debe la mahindi. Huhitaji cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, na kibali cha nchi anayoingia. Ofisi ya mifugo ya mpakani ndiyo ya kuulizwa kabla ya kufunga safari. Dawa nazo zina wasimamizi wake kila upande, TMDA kwa Tanzania, Kurugenzi ya Dawa za Mifugo kwa Kenya, NDA kwa Uganda, na dawa iliyosajiliwa nchi moja si lazima iwe imesajiliwa nchi ya pili. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachomsaidia mfanyabiashara mdogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvusha mzigo usiozidi dola 2,000 hakifuti masharti hayo.

Mfanyabiashara anajua kupiga hesabu. Aorodheshe chupa zote alizonunua kwa sikio moja mwaka huu, upande huu na upande ule, aongeze usiku ambao mbwa hakulala wala hakulinda. Kisha alinganishe na bei ya kumwona daktari mmoja, kupimwa mara moja kwa hadubini na kumaliza dawa moja iliyo sahihi. Duka lililo ng'ambo litaendelea kuwapo, lakini chupa ya nne isinunuliwe kabla mtu hajatazama ndani ya sikio.